Vidonge vya sukari havirudishi pumzi: hotuba kwa familia zinazomuuguza mtu baada ya ovadozi

Ndugu zangu, wazazi, nyie mnaopambana kuacha na nyie mliofika hapa kwa ajili ya mtu mnayempenda, asanteni sana kwa kuja. Nimeombwa niongelee homiopathi kwa mtu anayepata nafuu baada ya ovadozi, yaani baada ya kuzidisha dawa mpaka akakaribia kufa, na nimekubali haraka kwa sababu hili swali naulizwa kila ninapoenda, tena kwa kunong'onezwa, mtu anasubiri wenzake watoke ndo anakuja kuniambia jamani mwanangu karudi kutoka hospitali, kuna mtu katuelekeza kwa mtaalamu wa matone na vidonge vidogo vitamu, tumpe au tusimpe, ila daktari asijue. Leo nalijibu kwa sauti mbele ya wote, manake hiyo habari ya daktari asijue ndo inanitia hofu kuliko hata vidonge vyenyewe.

Ila siwezi kuanza na vidonge. Naanza na pumzi.

Heroini, fentanili, morfini, kodeini, tramadoli, hata methadoni yenyewe ikinywewa hovyo, hizi zote ni ukoo mmoja, opioidi, na kifo chake kinakuja kwa njia ileile. Zinaibana ile sehemu ya chini ya ubongo inayouamrisha mwili uvute hewa. Mtu hapigi kelele wala hatapitapi, pumzi inapungua tu, inapungua, na dakika chache bila oksijeni ubongo unaanza kuharibika, halafu moyo unasimama. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 125,000 walikufa kwa ovadozi ya opioidi mwaka 2019, na Marekani peke yake, ukichanganya dawa za aina zote, vifo vya ovadozi vilipita 100,000 mwaka 2021, vikapita tena 2022, vikapita tena 2023. Na kati ya hao wapo waliokuwa na mtu chumba cha pili.

Naomba mnisikilize hapa kwa makini, manake hapa ndo tunapowapoteza. Mkoromo. Kijana yuko chumbani kwake, saa nane usiku, anakoroma, mkoromo mzito wa kukwaruza, ukisikiliza vizuri kuna kama maji kooni, unakata, kimya, unahesabu moja mbili tatu nne tano sita, halafu unarudi. Mama anapita mlangoni anasema afadhali leo kalala, muacheni apumzike, siku ngapi hajalala huyu. Mama, ule sio usingizi! Ile ni hewa inatafuta njia kwenye koo lililolegea. Ingia ndani, washa taa, muite kwa jina lake, msugue kifuani pale kwenye mfupa wa katikati kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, usimuonee huruma. Asipoamka mfunue jicho, mboni imesinyaa imebaki kitone. Angalia midomo na kucha, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi usikae kusubiri uone rangi ya bluu, angalia ndani ya mdomo, fizi zinakuwa za kijivu, zimepauka.

Sasa hapo piga simu ya dharura, waambie kuna mtu hapumui vizuri na haamki. Kama una naloksoni, dawa inayoiondolea opioidi nguvu, mpe hapohapo, ya kupuliza puani au ya sindano kwenye msuli wa paja. Halafu usikae unamtazama, mpulizie hewa, kichwa umekiinamisha nyuma, kidevu juu, pua umeibana, pumzi moja kila baada ya sekunde 5 hivi. Zikipita dakika 2 au 3 hajabadilika, mpe dozi ya pili. Akianza kupumua mwenyewe mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, na ubaki naye. Kumwagia maji ya baridi, kumnywesha maziwa, kumchoma maji ya chumvi, kumzungusha ndani ya nyumba huku mmemshika mabega, hivyo vyote vinakula dakika ambazo hana. Na usimtie kitu mdomoni, hata kile kidonge kidogo cha homiopathi cha kuwekwa chini ya ulimi, najua wapo wanaoelekezwa hivyo, kuna hadi dawa ya homiopathi inayotengenezwa kutokana na afyuni na watu wanaambiwa inafaa kwa mtu aliyezama kwenye usingizi wa dawa. Hapana. Mtu aliyezimia hamezi, na pumzi yake hairudishwi na tone lolote la namna hiyo.

Naloksoni sio kitu kipya wala sio cha majaribio, Marekani iliidhinishwa mwaka 1971, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba watu ambao wanaweza kushuhudia ovadozi, yaani nyie, ndugu, marafiki, wanaotumia wenyewe, wapewe naloksoni na wafundishwe kuitumia. Inachofanya ni kuipiga kikumbo opioidi pale ilipojishikiza kwenye ubongo na kukaa yenyewe. Ila haikai sana, dakika 30 mpaka 90, na methadoni au dozi kubwa ya fentanili inaweza kuwa bado imo mwilini naloksoni ikishaisha. Kwa hiyo kijana anaamka, ana hasira, anatetemeka, arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, imempiga kwa ghafla, anakwambia niko poa niacheni, anataka kutoka, na nyie kwa furaha ya kumuona amefumbua macho mnamwachia. Baada ya saa moja anazama tena akiwa peke yake. Msimwachie, apelekwe hospitali aangaliwe.

Niseme pia kwa haraka, ovadozi sio ya unga, yaani heroini, tu. Mtu akimeza parasetamoli nyingi siku ya kwanza anaweza kukaa anaongea na anakula, familia inashukuru, kumbe ini linakufa taratibu na dalili nzito zinakuja siku ya pili au ya tatu. Dawa yake ipo, inaitwa asetilisisteini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Usisubiri aumwe. Na kama alimeza kwa kutaka kufa muulize moja kwa moja, ulitaka kufa? Kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mahali pa kulitua.

Haya, tuseme amepona. Karudi nyumbani, amekonda, ana aibu, hataki kutazamana na mtu. Hapa ndo watu wa matone wanapoingia, na hapa pia ndo penye hatari ambayo wengi hamjaambiwa. Mwili uliokaa bila opioidi, hata kwa siku chache tu, unapoteza uzoefu wake. Dozi aliyokuwa anaibeba mwezi uliopita leo inamuua. Ndo maana wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali, au kutoka sober house, nyumba ya wanaoacha dawa, au kutoka jela, ni wiki za vifo vingi, na ndo maana kumsafisha mtu halafu kumrudisha nyumbani mikono mitupu, bila dawa ya kumshikilia, ni kumuweka pabaya kuliko alivyokuwa. Kinachomshikilia kinajulikana. Methadoni na buprenofini, zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005, zinaondoa arosto, zinatuliza ile hamu, na tafiti nyingi zimeonyesha mtu anayebaki kwenye tiba hii hatari yake ya kufa inashuka kwa nusu au zaidi. Najua mtaani wanasema methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Mimi nimeshawaona watu wanaokunywa methadoni yao asubuhi halafu wanaenda kazini, wanapeleka watoto shule, wanalipa madeni. Mtu anayeishi hivyo hana unga anaoubadilisha na chochote, anaishi.

Sasa homiopathi. Niwaeleze ni kitu gani kwanza, kwa sababu nusu ya wanaoniuliza wanadhani ni dawa za mitishamba, na sio hivyo.

Ilianzishwa na daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Wazo lake lilikuwa kwamba kitu kinacholeta dalili fulani kwa mtu mwenye afya, kikipunguzwa sana, kinatibu dalili hizohizo kwa mgonjwa. Na huko kupunguza ndo ajabu yake. Unachukua sehemu moja ya kitu, unachanganya na sehemu 99 za maji au spiriti, unatikisa, unachukua sehemu moja ya huo mchanganyiko, unaweka tena kwenye 99, unatikisa, unaendelea. Ukiona kwenye kichupa imeandikwa 30C manake hilo zoezi limefanywa mara 30. Lakini kwa hesabu za kemia ukishafika mara ya 12 hivi uwezekano wa kubaki hata chembe moja ya kile kitu cha mwanzo unakuwa umeshaisha. Kinachobaki ni maji au spiriti, na hayo yanadondoshewa kwenye punje za sukari. Punje nyeupe, ndogo, tamu, unaambiwa usizishike kwa mkono, usinywe kahawa, usipige mswaki wa mint karibu na muda wa dawa.

Je, zinatibu? Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti zilizokuwepo kwa magonjwa mengi, likahitimisha hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathi inautibu. Uingereza kamati ya sayansi ya bunge ilisema mwaka 2010 kwamba haizidi kidonge kisicho na kitu, na mwaka 2017 huduma ya afya ya umma ya England ikawashauri madaktari waache kuiandika. Kwa uraibu na ovadozi hali ni hiyohiyo. Nawaambia hivi bila kumdharau yeyote aliyewahi kuitumia.

Maana wapo wanaosimama hapa na kusema mimi ilinisaidia, na mimi nawaamini kwamba walijisikia vizuri. Hebu angalieni nini kinatokea kule. Mtu anafika kwa mtaalamu wa homiopathi mara ya kwanza, anakaa naye saa nzima, pengine na zaidi. Anaulizwa unalalaje, unaota nini, ni nini kinakuliza, ulianza lini kuogopa giza, baridi inakukera au joto, mama yako alikuwa mtu wa namna gani. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka hakuna aliyemuuliza chochote zaidi ya umeiba wapi hii simu! Kliniki alipewa dakika tano na nesi aliyechoka. Leo kuna mtu kaketi mbele yake na daftari anaandika kila anachosema. Mwaka 2011 Uingereza ulichapishwa utafiti kwa wagonjwa wa baridi yabisi, wakawatenganisha, wengine walipata yale mazungumzo na wengine hawakuyapata, wengine walipewa dawa halisi ya homiopathi na wengine kidonge kitupu, na nafuu iliyoonekana ilifuata mazungumzo, dawa haikuongeza kitu. Kwa hiyo ninapoulizwa homiopathi ina nini cha kutufundisha, jibu langu ni ile saa moja. Na ile saa moja haiuzwi dukani, mjomba anaweza kuitoa, mwalimu wa zamani anaweza kuitoa, kikundi cha wanaoacha kinaitoa bure, na kliniki zetu za methadoni zinapaswa kubanwa mpaka ziitoe.

Lakini kama familia yako bado inataka zile punje, mimi sitakupigia kelele. Mtu mzima ana haki ya kunywa punje ya sukari na kujisikia kuna kitu anajifanyia. Ila kuna mambo siwezi kuyanyamazia.

La kwanza na ndo kubwa, zisichukue nafasi ya kitu chochote. Wapo wataalamu wa homiopathi wanaowaambia watu kwamba dawa kali za hospitali zinaiua nguvu ya dawa yao, kwa hiyo wapunguze methadoni kidogokidogo au waiache. Ukisikia sentensi hiyo chukua begi lako uondoke. Mtu anaacha methadoni Jumatatu, Ijumaa arosto imemshika, Jumapili anarudi kwenye unga na mwili uliopungua uzoefu. Vilevile kuna ile habari ya kwamba ukizidiwa mwanzoni ni dalili dawa inafanya kazi. Kwa mtu wetu hiyo ni hatari sana, kwa sababu kuzidiwa kwake kunaweza kuwa ini, kunaweza kuwa homa ya jipu la sindano, maambukizi ya moyo, kunaweza kuwa ameanza kutumia tena na anasinzia mchana. Akizidiwa apelekwe kliniki, asiambiwe avumilie.

Jingine ni kilichomo ndani ya chupa. Sio kila kitu kilichoandikwa homiopathi kimepunguzwa mpaka kikaisha. Zipo za kiwango cha chini zenye kitu halisi ndani, na vitu vyenyewe vingine ni sumu, beladona, akoniti, arseniki, na ile nuks vomika wanayopenda kuwapa watu waliotumia dawa kupita kiasi inatokana na mbegu zenye striknini. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza imekuta vidonge vya homiopathi vya watoto wanaoota meno vina beladona isiyo na kipimo kimoja, vingine imezidi mno ile iliyoandikwa kwenye lebo. Hao ni watoto wachanga, ndugu zangu.

Halafu matone. Mengi yametengenezwa kwa spiriti, na ile tinkcha ya oti, yaani mmea wa oti uliolowekwa kwenye spiriti, wanayowapa watu wa kukosa usingizi na wanaoacha dawa mara nyingi ni pombe kwa sehemu kubwa. Mtu aliyeacha pombe unamuwekea tena ladha yake ulimini mara tatu kwa siku? Na kama anatumia disulfiramu, ile dawa inayomfanya mtu asiivumilie pombe, hata kiasi kidogo kinaweza kumletea uso kuwaka, kutapika, moyo kwenda mbio. Kama lazima, chagueni punje, acheni matone. Na mitishamba ndo usiichanganye kabisa na homiopathi kichwani mwako, mitishamba ina kemikali za kweli, kuna mmea unaitwa St. John's wort watu wanautumia kwa huzuni, huo unaweza kushusha methadoni kwenye damu mpaka mtu akapata arosto akiwa anameza dozi yake vizuri tu.

Kwa hiyo ile ya daktari asijue tuifute leo. Kila chupa, kila pakiti, iweke kwenye mfuko, nenda nayo kliniki, iweke mezani. Nesi akikunja uso mwache akunje, wewe umemlinda mtu wako. Methadoni yenyewe inaweza kuvuruga mapigo ya moyo ikikutana na dawa fulani, hata za kawaida za malaria au za fangasi, wakijua unachotumia watapima.

Na pombe na dawa za usingizi, hizi za jamii ya daiazepamu, mtu aliyezitumia sana kwa muda mrefu asiachishwe nyumbani kwa punje wala kwa maombi peke yake. Arosto ya unga inatesa, ya pombe inaweza kuua, degedege, kuona vitu visivyokuwepo, mwili kuchemka. Huyo aachishwe akiwa mikononi mwa daktari.

Kuna mama aliniletea karatasi kabla sijasimama, amekubali niisome bila jina. Anasema mwanangu alipata ovadozi, karudi, methadoni hataki hata kuisikia, anasema anataka homiopathi tu kwa sababu ni ya asili, nifanye nini?

Mama, usigombane naye juu ya punje. Mwambie sawa, kunywa. Halafu leo hiihii tafuta naloksoni, mbili, moja ikae mahali ambapo kila mtu ndani ya nyumba anapafahamu, nyingine abebe mwenyewe, na wote mfundishwe kuitumia, hata mdogo wake wa miaka kumi na minne. Ongea na mwanao kwa uwazi, mwambie sikuombei urudie ila ikitokea usiwe peke yako, usifunge mlango, usianze na kiasi kile cha zamani. Najua inauma kumwambia mtoto hivyo, mzazi anaona kama anamruhusu. Humruhusu, unataka awe hai wiki ijayo ili muendelee kubishana. Muulize methadoni amekataa kwa nini, sikiliza mpaka amalize, manake mara nyingi sio dawa anayoikataa, anakataa foleni, anakataa kuonekana pale getini na watu wanaomfahamu, anakataa kwenda kila siku. Hayo yanazungumzika, kuna buprenofini, sehemu nyingine ipo ya sindano inayokaa mwezi mzima, kuna kliniki zinazoruhusu dozi za kubeba nyumbani mtu akishatulia. Akisema yes hata kwa nusu mdomo, usimwambie kesho. Vaa viatu mwende.